Tupeane uzoefu: sailensi isiyoshuka hata injini ikishapata moto

Mleta mada

Ndugu wanachama, naomba tukusanye hapa visa vyetu vya sailensi iliyopanda, yaani injini kuzunguka kwa kasi ilhali gari limesimama na mguu hauko kwenye pedali ya mafuta. Kwa injini nyingi za petroli, mshale hutulia kati ya mizunguko 600 na 900 kwa dakika injini ikishapata moto. Kabla ya hapo si ajabu ukafika 1,200 au hata 1,500, kisha ukashuka taratibu. Ninaouzungumzia ni ule unaokataa kushuka.

Gari langu ni la gia otomatiki, na liling'ang'ania 1,600 kiasi kwamba nikiingiza gia lilitaka kuondoka lenyewe, nikalazimika kulizuia kwa breki muda wote. Fundi wa kwanza alichukua bisibisi akalegeza skrubu inayozuia kipepeo cha throtoli, yaani kilango cha hewa inayoingia kwenye injini, kisijifunge kabisa. Mshale ulishuka, nikashukuru, lakini kesho yake gari lilianza kuzimika kila nilipowasha kiyoyozi. Skrubu ile hupimwa kiwandani, na sioni sababu ya mtu kuigusa kabla hajajua hewa ya ziada inapita wapi.

Fundi wa pili aliirudisha skrubu mahali pake, akaomba kimya, akasikiliza. Palikuwa na mluzi hafifu nyuma ya manifodi ya kuingizia hewa. Alinyunyiza maji ya sabuni kidogo kidogo kwenye kila mpira na kila kiungo, hadi alipofika kwenye mpira mmoja mwembamba, sauti ikabadilika na mshale ukashuka kwa sekunde chache, kwa kuwa maji yaliuziba ufa uliokuwa upande wa chini, mahali ambapo jicho halifiki. Wapo wanaonyunyiza dawa ya kusafishia kabureta badala ya maji. Hiyo hushika moto, na bomba la moshi lililopata moto liko karibu, kwa hiyo mimi siishauri.

Fundi alinieleza pia kwamba kompyuta ya gari langu hupima shinikizo ndani ya manifodi, hivyo hewa iliyoingia kwa wizi ilihesabiwa kama hewa halali na petroli ikaongezwa kuifuata, ndiyo maana injini ilikimbia bila kumisi, yaani bila kukosa kuwaka hapa na pale. Kwenye gari lenye sensa inayopima hewa pale inapoingilia, ufa kama huo mara nyingi huleta mtikisiko na misi, kwa kuwa hewa inayoingia baada ya sensa haihesabiwi.

Mchangiaji wa pili

Kwangu hakukuwa na ufa wowote. Sailensi ilibaki 1,400, petroli ikawa inakwisha upesi, ingawa mshale wa joto kwenye dashibodi ulikuwa sawa kabisa. Jambo hilo lilinipotosha kwa wiki mbili, kwa sababu sikujua kwamba magari mengi yana sensa moja ya dashibodi na nyingine ya kompyuta. Sensa ya kompyuta hupunguza ukinzani wake wa umeme kadiri maji yanavyopata moto: katika magari mengi huwa kati ya omu 2,000 na 3,000 kwenye nyuzi 20, na omu 200 hadi 400 kwenye nyuzi 80. Nilipoipima yenyewe injini ikiwa moto ilitoa omu 310, nikaona ni nzima. Nilipopima upande wa kompyuta, waya zilezile zilionyesha zaidi ya 2,500. Soketi ilikuwa imeota kutu ya kijani, na kompyuta iliamini injini bado ni baridi, ikaendelea kuipa hewa na petroli ya asubuhi. Pimeni pande zote mbili kabla ya kununua sensa.

Mchangiaji wa tatu

Ndugu, wenye magari ya zamani waanze na maji ya rejeta. Langu lilikuwa na vali ya sailensi yenye nta ndani, ambayo hutanuka kwa joto la maji na kuufunga mlango wa hewa. Baada ya kubadilisha mpira wa rejeta, mshale ulianza kupanda na kushuka kati ya 1,000 na 1,800, tukasafisha throtoli na vali bila mafanikio. Kumbe hewa ilinaswa kwenye njia ya maji, na vali haikupata joto. Tuliijaza rejeta injini ikiwa baridi, tukaiacha hewa itoke yote, tatizo likaisha siku hiyohiyo. Mfuniko wa rejeta usifunguliwe injini ikiwa moto.

Mchangiaji wa nne

Langu lilianza siku niliyosafisha throtoli. Kompyuta ilikuwa imezoea kufungua njia zaidi ili kushinda masizi. Masizi yalipoondoka, ufunguzi uleule ukawa mkubwa mno. Ilibidi ifundishwe upya sailensi kwa utaratibu ulioandikwa kwenye kitabu cha gari.

Mchangiaji wa tano

Kebo ya eksileta ilikazwa kupita kiasi. Nililegeza nati mbili, basi.

Mleta mada

Nashukuru, ndugu zangu. Naongeza jambo moja ambalo fundi alinisisitizia: kama sailensi hubadilika kila unapokanyaga breki na pedali imekuwa ngumu, kagueni busta ya breki, yaani kifaa kinachoongezea mguu nguvu, na mpira wake mnene unaotoka kwenye manifodi. Gari la namna hiyo lisiendeshwe hadi litengenezwe, kwa sababu hewa inayopandisha sailensi inapita mahali ambapo breki hupatia nguvu zake.