Naomba mbinu: keki ya umbo la bajaji, isilale kabla haijakatwa

MamaNasri
Wadau wa jikoni habari zenu. Mwanangu anatimiza miaka 5 mwezi wa pili, na kwa vile anko wake ni dereva bajaji basi hataki kusikia keki ya mpira wala ya katuni, anataka bajaji, ya bluu, turubai jeusi, na nyuma iandikwe RIZIKI MAFUNGU SABA kama ya anko. Keki za duara napika vizuri tu na majirani wananiagiza, ila hii ya kusimama ndo inanitoa jasho. Picha za mtandaoni zinavutia lakini hakuna anayekuonyesha ndani kuna nini. Sasa nauliza, nitumie keki gani ambayo haimeguki nikianza kuichonga? Paa linashikiliwa na nini? Na magurudumu matatu yatabebaje uzito wote ule jamani? Watoto kama 20 hivi na wakubwa wao. Nipo Mbagala, shughuli iko Tegeta kwa bibi yake, kwa hiyo na safari ipo. Oveni ninayo, ndogo ya umeme.

Fundi wa Utamu
Mama Nasri nianze na magurudumu maana hapo ndo wengi wanapokwama. Magurudumu hayabebi kitu, ni mapambo. Nenda kwa seremala akukatie plaiwudi ngumu sentimita 40 kwa 40, hiyo ndo barabara yako. Halafu akukatie kipande cha pili kwa umbo la tumbo la bajaji, mbele chembamba nyuma kipana, kiwe kidogo kuliko keki kwa kama sentimita moja kila upande kisionekane. Katikati ya mbao hizo mbili aweke vipande vya mbao vya urefu wa sentimita 3, akaze na skrubu kutokea chini. Funika kote na foili uibane vizuri. Keki inakaa juu ya kile kibao kidogo, ukishamaliza kuivisha ndo unabandika magurudumu pembeni, mtu akiangalia anaona imesimama kwa magurudumu kumbe wala.

Magurudumu yenyewe tengeneza mapema kwa fondanti (ule ukandwa wa sukari wa kuvishia keki) iliyotiwa unga wa CMC, ule wa kuifanya ikauke ngumu, kijiko cha chai kimoja kwa gramu 250, yaache sehemu kavu yenye hewa mpaka yawe magumu. Usiyaweke kwenye friji, yatalegea.

Paa: usitoboe milango! Jaza keki mpaka juu, halafu pale palipo wazi bandika fondanti nyeusi. Ukisimama hatua mbili tu nyuma jicho linaona uwazi.

Bi Shangazi wa Tanga
Mwanangu hapo kwenye keki usitumie ile laini ya mafuta ya maji, tamu ndiyo lakini ukiigusa na kisu inaporomoka. Pika ile ya vipimo sawa, siagi gramu 250, sukari 250, unga 250 na mayai matano, baking pauda kijiko cha chai kimoja. Moto mdogo, nyuzi 160, uwe na subira. Kwa oveni ndogo pika nyembamba nyembamba za sentimita 4 au 5 uje uzipange, ukijaza kopo mpaka juu katikati itabaki mbichi na juu itapasuka. Ikipoa izungushie nailoni ya jikoni, ilaze kwenye friji, chonga kesho yake ikiwa baridi. Kisu cha mkate chenye meno, punguza kidogo kidogo, ukikata sana hakuna kurudisha. Yale makombo usitupe, yakande na krimu kidogo yawe kama udongo wa kufinyangia, ndo utapata ile pua ya mbele na matairi ya akiba.

Kijana wa Ganashi
Naunga mkono wakubwa, ila hamjagusa joto. Mwezi wa pili Dar mchana ni nyuzi 32 na zaidi, na siagi halisi inayeyuka kuanzia hapo hapo 32 mpaka 35. Maana yake ukipaka krimu ya siagi chini ya fondanti, likifika jua la saa nane kuta zinaanza kuvimba tumbo na keki inateleza yenyewe kwa yenyewe. Paka ganashi, yaani chokoleti iliyoyeyushwa na krimu ya maziwa, chokoleti nyeusi sehemu mbili kwa krimu hiyo sehemu moja. Ukitumia nyeupe iwe tatu kwa moja. Inakauka inakuwa ngumu na kingo unazinyoosha na kadi.

Fondanti nyeusi nayo usianze na nyeupe, utamwaga rangi chupa nzima na itakuwa chungu. Kanda kakao kwanza iwe kahawia, ndo utie nyeusi.

Dogo Mkaango
Ganashi mmeshaangalia bei ya chokoleti lakini 😅 mtu anafanya birthday ya mtoto sio harusi. Mafuta mgando ya kopo na aisingi shuga yanasimama kwenye joto vizuri tu. Utamu ndo sisemi.

Kijana wa Ganashi
Yanasimama kweli, na mdomo mzima unabaki na mafuta. Changanya nusu siagi nusu mafuta mgando kama mfuko haujakaa sawa, ila safu iwe nyembamba.

MamaNasri
Asanteni sana mbarikiwe. Swali, keki ikiwa ndefu kama sentimita 20 zile safu za juu hazitakandamiza za chini? Na mtoto kasema lazima anko aonekane ndani anaendesha, kwa hiyo mbele nalazimika kuacha wazi 😩

Fundi wa Utamu
Zitakandamiza, ndo maana ikifika sentimita 10 unaweka kibao chembamba katikati na nguzo chini yake. Nguzo ni mirija minene ile ya milkshake, ya plastiki, ya karatasi inanyonya maji inalegea. Choma mrija mmoja, weka alama usawa wa keki, toa, kata na mingine yote kwa kipimo hicho hicho, usipime kila mmoja peke yake maana ukipishana kidogo tu paa linainama. Mirija 5 au 6 inatosha. Halafu kijiti kimoja kirefu cha mbao, ukichonge ncha, kipite katikati toka juu mpaka kwenye kibao cha chini, hicho ndo kinazuia safu zisihame njiani.

Kwa anko: nyuma kwa abiria jaza keki kama nilivyosema, mbele acha wazi. Paa sasa lisiwe keki kabisa, kata lile povu jeupe jepesi (styrofoam) linalokuja ndani ya boksi la TV mpya, livishe nailoni kwanza ndo fondanti, halafu vijiti vinne vya mishikaki, viwili vya mbele vionekane kama nguzo za kioo, viwili vya nyuma vizame kwenye keki. Paa jepesi halina presha.

Bi Shangazi wa Tanga
Na safari usiende nayo kwa bajaji jamani, hata kama ya anko. Tafuta gari lenye AC, boksi likae chini kwenye sakafu au buti iliyo tambarare, kiti kimeinama. Chini tandika kile kimkeka cha mpira cha kuzuia kuteleza. Paa na anko wasafiri kwenye boksi lao, uvipachike huko huko. Na ikitoka kwenye friji usifungue boksi haraka, acha baridi iishe taratibu ndani ya boksi, la sivyo fondanti itatoka jasho rangi ya bluu ichuruzike. Ikitoka jasho usiifute, washa feni tu.

Dogo Mkaango
Bi Shangazi umeniua hapo kwa anko 😂😂

MamaNasri
Hahaha anko nimeshamwambia, kanuna. Seremala naenda kesho.

Fundi wa Utamu
Hesabu vijiti na mirija yote uliyoingiza uandike pembeni, na wewe mwenyewe ndo ukate. Toa paa, chomoa kijiti cha katikati, kata ya juu yote, nyanyua kibao, toa mirija, ndo uendelee na ya chini. Hesabu isipotimia hakuna mtoto kupewa kipande.