Java: naamsha nyuzi zote, nyingine zinakufa usiku

mzigo_mzito:
Wakuu, naombeni msaada, nimekesha. Nina programu ya kutuma SMS za kukumbusha marejesho ya mikopo. Uzi mmoja (thread, yaani mkondo wa kazi ndani ya programu) unasoma namba kwenye hifadhidata na kuziweka kwenye LinkedList, orodha ninayoitumia kama foleni; nyuzi tatu zinatoa na kutuma. Mchana safi. Usiku foleni ikikaribia kuisha, napata NoSuchElementException (kosa la kutoa kitu kwenye orodha tupu) na uzi unakufa. Juzi asubuhi nilikuta umebaki mmoja, unajikongoja peke yake. Synchronized, lile kufuli la kuruhusu uzi mmoja kwa wakati, nimeweka kila mahali. Kipande chenyewe:

`if (foleni.isEmpty()) foleni.wait();`
`ujumbe = foleni.removeFirst();`

Uzi unaosoma ukishaweka ujumbe unaita notifyAll(), kuamsha nyuzi zote zilizolala kwa wait().

konda_mstaafu:
Hiyo if ifanye while.

mzigo_mzito:
Imetulia tangu saa nne, asante mkuu. Ila sijaelewa. Kama nimeamshwa, si ina maana ujumbe upo?

konda_mstaafu:
Ulikuwepo ulipoamshwa. Umeshagombea daladala la Mbagala jioni? Konda anaita "siti moja!", watatu wanakurupuka. Unafika mlangoni, kumbe mwenzio keshapitia dirishani. Ukijitupa bila kuangalia, unakalia mapaja ya mtu. wait() inaachia kufuli unapolala, na ukiamka unaligombea upya kama wengine. Ukilipata, angalia tena kama siti ipo. Haipo, rudi ukalale. Ndiyo kazi ya while.

bi_semafo:
Konda kasema kweli. Kwenye monita (mpango wa kufuli pamoja na kusubiri na kuamshana, si skrini) alizoeleza mwanasayansi wa kompyuta Hoare mwaka 1974, aliyeamshwa alikabidhiwa kufuli papo hapo, kwa hiyo if ingetosha. Lampson na Redell walipoeleza lugha ya programu ya Mesa mwaka 1980, ishara ikawa fununu tu: "huenda kuna kitu, kaangalie." Java imefuata Mesa. Tena nyaraka zake zinakiri kwamba uzi unaweza kuzinduka bila kuitwa na yeyote.

Na usije ukashawishika kuweka notify(), inayoamsha uzi mmoja tu, ili kubana matumizi. Siku ukiipa foleni kikomo, wawekaji nao watalala kwenye kufuli hilohilo. Ishara moja itamwangukia asiyehusika, wote wabaki usingizini, na jstack (zana ya Java ya kuonyesha hali ya nyuzi) ikuonyeshe WAITING, yaani zinasubiri, mstari hadi mstari. Mimi nisingeandika wait() kwa mkono kabisa. ArrayBlockingQueue ipo tangu Java 5, mwaka 2004: put() inasubiri ikijaa, take() inasubiri ikiwa tupu.

mzigo_mzito:
Nimehamia huko, mistari 40 imebaki 6. Sasa kazi ikiisha nazizimaje? Zote zimeganda kwenye take().

konda_mstaafu:
Weka kidokezo maalumu cha "funga kazi" mwishoni mwa foleni. Uzi ukikipokea unatoka. Weka vitatu, kila uzi na chake. Mimi niliweka kimoja, uzi wa kwanza ukaondoka nacho, wale wawili wakabaki wanasubiri mpaka nikazima mashine.