Prado 120 na matairi ya 285/70R17: yanakwaruza, nifanyeje?

Mkaazi_wa_Kisauni

Assalaam aleikum, na salamu kwa wana baraza wote. Nina Prado 120 ya mwaka 2007 iliyokuja na matairi ya 265/65R17, na kwa kuwa kila baada ya wiki mbili huenda shambani upande wa Kinango, ambako njia ya ndani imejaa mawe na makorongo, niliamua kuiongezea kimo. Muuzaji mmoja wa matairi hapa mjini alinihakikishia kwamba 285/70R17 huingia bila tabu yoyote, nami nikalipia manne. Pale dukani tulikata usukani kushoto na kulia gari likiwa kwenye sakafu sawa, na hapakusikika kitu.

Siku ya tatu nilishuka kuingia feri ya Likoni wakati maji yamekupwa, tena ni bamvua, kwa hiyo mteremko ulikuwa mkali. Nikakata usukani kumfuata mwelekezaji, na tairi la mbele la kushoto likakwaruza kwa sauti iliyowageuza shingo abiria wa miguu. Sasa hukwaruza hata nikirudi nyuma kutoka uani kwangu. Fundi wa kwanza aliniwekea spesa (vipande vya chuma vinavyosukuma gurudumu nje) za milimita 25, na tatizo likazidi, kwani sasa tairi linagusa bampa pia. Fundi wa pili anataka kuinua sasipensheni kwa inchi mbili. Je, kuinua kutaondoa mkwaruzo huu, au nitakuwa naongeza hasara juu ya hasara?

Fundi_wa_Jomvu

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Tuanze na hesabu, kwa sababu muuzaji wako hakuifanya. Tairi la 265/65R17 (yaani upana milimita 265, kimo cha ubavu asilimia 65 ya upana huo, na rimu ya inchi 17) lina kipenyo cha takriban milimita 776, na la 285/70R17 takriban milimita 831. Tofauti ni milimita 55, lakini gari limepanda nusu yake tu, yaani milimita 27, kwa kuwa nusu ya pili imekula nafasi iliyo baina ya tairi na fenda. Tairi limenenepa pia kuelekea mbele na nyuma, na upana umeongezeka milimita 20. Hizo ni namba za karatasini. Matairi mawili yenye namba moja kutoka viwanda viwili hayalingani sawasawa, na yale ya matope, yenye meno yaliyojitokeza mabegani, hudai nafasi zaidi.

Ukikata usukani hadi mwisho, ukingo wa nyuma wa tairi la mbele hukutana kwanza na madigadi, kisha plastiki ya ndani ya fenda, na nyuma ya plastiki hiyo kuna chuma kinachoshikilia bodi juu ya chesisi. Madigadi hupunguzwa kwa kisu, na plastiki hulainishwa kwa hewa ya moto ikasukumwa nyuma. Kile chuma ni kazi ya kukata na kuchomelea, kazi nisiyoipenda kwa magari ya pwani, kwani pachomelewapo pasipopakwa rangi ya kuzuia kutu sawasawa, chumvi ya bahari haichelewi kupala.

Hizo spesa zitoe. Gurudumu huzunguka kwenye mhimili ulio upande wa ndani, na kadiri unavyolisukuma nje ndivyo linavyochora duara kubwa zaidi usukani unapokatwa. Ndiyo sababu limefika kwenye bampa. Spesa hufaa pale tairi linapogusa mkono wa juu wa sasipensheni, nawe hukusema kwamba linagusa huko.

Ama kuhusu kuinua, springi ndefu hukupa nafasi gari likiwa limesimama. Sasipensheni ikibanwa hadi mwisho, kama inavyoweza kubanwa kwenye mteremko wa feri, gurudumu hupanda mpaka palepale lilipokuwa likifika zamani, kwa sababu kinacholisimamisha ni mpira wa kuzuia, wala si springi. Asiyegusa mpira huo hajabadilisha kitu katika hali ile iliyokusumbua. Tena kuinua mbele hupunguza kasta, yaani mwinamo wa kwenda nyuma wa ule mhimili ambao gurudumu hukatia kona, na gari lisipopimwa alaimenti upya usukani huwa mwepesi na wa kutangatanga.

Jambo ambalo ningelitangulia ni rahisi kuliko yote hayo. Mikono ya chini ya Prado ina boliti za kamu (zenye kisahani kisicho na kitovu katikati, zikizungushwa husogeza mkono) zinazoruhusu gurudumu kusogezwa mbele kwa milimita chache, na mara nyingi ni hizo chache tu zinazotakiwa. Lakini mwambie fundi azimwagie mafuta ya kulegeza kutu siku moja au mbili kabla, kwani kwa magari yetu ya huku boliti hizo hushikana kabisa, na mwenye haraka huishia kuzikata.

Baada ya hapo jaribu kwa haki: pandisha gurudumu la mbele la upande mmoja na la nyuma la upande wa pili juu ya vipandio imara, paka chaki kwenye plastiki na madigadi, kata usukani mwisho hadi mwisho polepole, kisha tazama chaki imefutika wapi. Sakafu ya dukani haisemi ukweli.

BintiMtongwe

Mimi navuka feri karibu kila siku na Prado kama hiyo, na nimeridhika na 265/70R17 kwenye rimu zilezile, bila spesa wala kuinua. Kipenyo chake ni takriban milimita 803, kwa hiyo nimepata milimita 13 tu za kimo, na mume wangu hunicheka kwamba nimenunua unene wa kidole. Hata hivyo sijasikia mkwaruzo hata mara moja.

Kaka, usisahau spidomita. Kwa 285/70 kosa ni kama asilimia 7: ikiwa mshale ulikuwa sahihi zamani, ukisoma 110 unakwenda karibu 118, na 110 ndiyo mwisho wa mwendo halali kwenye barabara kuu. Gari litakuwa zito kuondoka na breki zitafanya kazi zaidi. Na kwa kuwa Prado huendesha magurudumu yote manne wakati wote, lile tairi la akiba lililo mlangoni nyuma nalo lazima liwe la kipimo hichohicho.

Said_wa_Bamburi

Kwa heshima ya fundi, mimi niliinua langu inchi mbili nikaweka 285/70, na linakwenda vizuri tangu mwaka juzi.

Fundi_wa_Jomvu

Sikatai, ndugu Said. Ila naomba utuambie: je, madigadi yako yapo, na plastiki haikuguswa?

Said_wa_Bamburi

Madigadi ya mbele niliyatoa, na plastiki ilichomwa kwa hewa ya moto. Kweli, sikuyataja.

Mkaazi_wa_Kisauni

Nashukuruni nyote. Spesa zimetoka, na bampa haliguswi tena. Boliti ya kamu ya kulia ililegea siku ileile. Ya kushoto ilikunywa mafuta usiku wa siku mbili kabla ya kukubali. Gurudumu limesogea mbele, tukafanya jaribio la chaki, na limebaki kugusa madigadi peke yake upande wa kulia, ila kushoto bado linafuta chaki kwenye plastiki, mbele kabisa ya kile chuma. Sitaki kumkaribisha mchomeleaji. Nitahamia 265/70R17 kama Bi Mtongwe, matano pamoja na la akiba. Haya manne yametembea chini ya kilomita 400. Mwenye gari lenye nafasi ya kuyabeba aniandikie, lakini aje na chaki yake.