Mrejesho: Kihisi sauti kwenye Arduino kimekubali

Wakuu, niliuliza kwa nini kihisi sauti kwenye Arduino Uno (bodi ndogo ya kielektroniki unayoiandikia programu) kinanipa namba 510 hadi 515 muda wote, nipige makofi nisipige. Sasa kinafanya kazi. Asanteni sana, hasa mliosema niachane na kusoma mara mojamoja.

Kumbe 512 ndiyo ukimya wenyewe. Moduli hii ya kihisi ikiwa haisikii kitu hutoa volti 2.5, na Uno hugawa volti 5 katika ngazi 1024. Sauti hupanda na kushuka kuzunguka hapo katikati, kwa hiyo ukisoma mara moja kisha programu ikalala nusu sekunde, kofi limeshapita zamani. Sasa programu inasoma A0 (pini ya Uno inayopokea volti za kihisi) mfululizo kwa milisekunde 50, inashika namba kubwa kabisa na ndogo kabisa, halafu inatoa tofauti. Kukiwa kimya napata 4 au 6. Kofi la karibu linaruka hadi 300 na ushee. Milisekunde 50 zinatosha hata mzunguko mzima wa sauti nzito ya hezi 20. Serial.println (amri ya kutuma namba kwenye kompyuta) iwe nje ya kitanzi cha kusoma, maana inakula muda.

Ile skrubu ndogo ya nyuma, kwenye moduli yangu, hubadilisha ukuzaji tu, yaani sauti inaongezwa nguvu kiasi gani. Ukiikaza sana makofi yote yanagonga 0 na 1023, huwezi kutofautisha.

Kilichokuwa kimebaki ni relei (swichi ya umeme inayowashwa na programu): mlio wake wenyewe ulikuwa unahesabiwa kama kofi. Nimeiambia programu ipuuze sauti kwa milisekunde 200 baada ya kuiwasha, ikatulia.