Poda ya mboga "inazuia seli za mafuta": waruhusiwe kuandika hivyo kwa lebo?

Mleta mada: Wasee, siku hizi huku Nairobi kila kona unauziwa poda ya mboga, ati inazuia mwili kutengeneza seli za mafuta, na mtu anatoa pesa ya unga juu ya kikopo. Mimi nasema wapigwe marufuku kuandika hivyo. Kwa kitunguu kuna kemikali ya asili inaitwa kwesetini, kwa brokoli na kabichi unapata nyingine inaitwa salforafeni, na maabara wameona kweli vitu hivi vikizuia seli changa zisigeuke za mafuta, vinabana protini inaitwa PPAR-gama ambayo ndiyo huwasha hiyo kazi. Sawa. Lakini seli zenyewe mara nyingi ni za panya, ile aina ya 3T3-L1, ziko kwa kisahani cha maabara na zimemwagiwa dozi ambayo damu yako haiwezi kufikisha kwa kula tu, maana kwesetini nyingi utumbo na ini vinaibadilisha mapema. Tena 2008 watafiti wa Sweden walionyesha mtu mzima idadi ya seli zake za mafuta haibadiliki sana, kama asilimia 10 hufa kila mwaka na zingine zinachukua nafasi, hata ukikonda zinanywea tu, hazipungui. Sasa poda inamzuilia nini mama wa miaka 45?

Mchangiaji: Umekaza sana. Mimi nauza managu na terere Kangemi, mtu akisikia mboga inapunguza mafuta ananunua, ubaya uko wapi? Si afadhali hiyo kuliko chipsi na soda?

Mleta mada: Dada yangu, kwa mboga yenyewe tuko pamoja kabisa. Waambie inashibisha, ina faiba, kalori ni chache, hiyo ni kweli na inatosha kuuza. Hata waambie wakishakata kabichi waiache kidogo kabla ya kuweka kwa sufuria, maana salforafeni hutengenezwa mboga ikikatwa, na moto mkali huua kimeng'enya kinachofanya hiyo kazi. Hiyo ni bure. Ninachokataa ni mtu kuchukua matokeo ya kisahani, akayabandika kwa kikopo na kumuuzia mama aliye na presha na mwili unamsumbua, yule ambaye ataamini kila neno juu amechoka. Wenye poda waje na utafiti uliofanywa kwa watu, tuusome hapa wote.