Nahamia Cape Town kufanya animesheni, moyo bado uko Tanga

BintiWaChumbageni:
Wakuu, habari za saa hizi. Nina miaka 27, niko Tanga mjini. Mchana nafanya kazi stesheneri: kopi, picha za pasipoti, kadi za michango ya harusi. Usiku natengeneza katuni kwa programu ya Blender, feni ikipuliza kompyuta isizime kwa joto. Mwaka wa tano sasa. Nimepata mkataba wa mwaka mmoja kwenye studio ya Cape Town, naanza Juni. Makaratasi yanakwenda vizuri, hapo sina shida. Shida ni akili. Sijawahi kulala nje ya Tanga zaidi ya wiki mbili. Mama anabaki peke yake. Mchana ananiambia "nenda mwanangu", usiku namsikia hajalala. Halafu nimejifunza mwenyewe kupitia YouTube, naogopa kukaa katikati ya waliosomea chuoni. Mliotangulia, mlijiandaaje?

Fremu24:
Hongera sana dada. Mimi mtu wa Kigoma, niko Cape Town mwaka wa sita, kazi hiyo hiyo. Juni huku ni baridi na mvua, jua linazama kabla ya saa kumi na mbili jioni. Upweke wa mwanzoni una hali ya hewa ndani yake, kwa hiyo usiamue kurudi nyumbani kabla ya Septemba.

Kubwa zaidi, kazi yako itarudishwa. Shoti yangu ya kwanza, yaani kipande kimoja cha katuni, ilikuwa sekunde 3: fremu 72, picha moja moja. Ilirudishwa mara 9. Mara ya nne nilijifungia chooni nikalia, nikijua nafukuzwa. Kumbe jirani yangu wa meza, mwenye shahada, yake ilirudishwa mara 11! Anza mazoezi sasa: kila Ijumaa mpe mtu kazi yako aikosoe, wewe usijitetee, andika tu.

Mama mpangie siku na saa ya simu. Tunapishana saa moja tu.

MkunaNazi_Msa:
Dadangu, mie wa Mombasa, niliondoka kwenda Nairobi kwa kazi hii. Kabla hujasafiri mrekodi mamako akikuna nazi. Usimwambie akae vizuri. Tazama bega linavyotangulia na mkono ukafuata. Siku ukipewa mhusika wa kufanya kazi ya mikono, hao wa chuoni watatafuta video mtandaoni, wewe utakuwa na mamako. Malenga Mulendema wa Zambia, katuni yake Supa Team 4 ilitengenezwa na studio ya Triggerfish huko huko Cape Town, ikatoka Netflix 2023, na mji ulio ndani ya katuni ni Lusaka. Kwao alikwenda nako. Mie niliondoka sina hata dakika moja ya nyanya yangu, na sasa hayupo.

BintiWaChumbageni:
Asanteni mno. Jana nimemrekodi dakika 14. Kumbe kabla ya kugeuza kifuu hukigonga mara mbili kwenye kibao cha mbuzi. Miaka yote hii sijawahi kuliona hilo. Aliniuliza, "Wanipiga picha na kanga hii iliyochakaa?" Nikamwambia ni ya kazini. Akainuka, akabadilisha kanga, akarudi kuketi.

Fremu24, blanketi zito ninunue huku au huko?