Mwanangu anarusha besiboli likizo nzima, sasa kiwiko kinamuuma. Nimzuie?

MamaWaIpagala:
Habari za humu wapendwa. Nina kijana wa miaka 12, yuko darasa la sita. Tangu shule zifungwe Juni, kila jioni yuko kwenye besiboli. Kocha wao ni kijana aliyejifunza mchezo huo Dar es Salaam, anawafundisha kwa kujitolea na anawapenda kweli. Besi, vile vituo vya kukimbilia, ni viroba vya mchanga. Glavu hazitoshi, wanaotoka kulinda wanawaachia wanaoingia.

Sasa mwanangu ndiye pekee mwenye shabaha. Wengine wakirusha, mpira unampita mdakaji, yule anayekaa nyuma ya mpigaji, na kutokomea vumbini. Kwa hiyo mechi zote anarusha yeye, na akitolewa kurusha anakwenda kudaka. Juzi nimemwona ananyanyua kikombe cha uji kwa mkono wa kushoto, na si kawaida yake. Nikambonyeza kiwiko cha kulia, upande wa ndani, akaruka. Anasema ni baridi tu.

Jumamosi wana mechi. Ni mtoto mkimya sana, lakini kiwanjani anawapanga wenzake kwa sauti hadi naisikia nikiwa jikoni. Sitaki kumnyima hilo. Nimkande aendelee, au nimzuie?

Mzee_Kikuyu:
Pole binti yangu. Mkande kwa maji ya moto na chumvi, umchue, Jumamosi atacheza. Sisi tumechunga ng'ombe tukirusha mawe kutwa, wala viwiko havikutuuma.

Mwl_Nkuhungu:
Shikamoo mzee wangu. Hapa naomba nitofautiane nawe. Jiwe la kurudishia ng'ombe hulirushi kwa nguvu zako zote, tena mfululizo, jioni baada ya jioni.

Dada, usimchue wala usimpe dawa ya maumivu ili acheze. Kwa mtoto wa umri huo, kile kinundu cha mfupa upande wa ndani wa kiwiko bado kimeshikizwa kwa gegedu, yaani mfupa laini, hakijaungana na mfupa wenyewe. Kila anaporusha kwa nguvu, misuli ya mkono inakivuta. Kikivutwa bila kupumzishwa kinavimba, na kinaweza hata kubanduka. Mpeleke kwa daktari wa mifupa akapigwe eksirei, na asirushe kabisa mpaka daktari aruhusu. Mara nyingi ni mapumziko ya wiki kadhaa.

Marekani, ambako watoto hucheza msimu mzima wa kiangazi, ligi ya watoto iitwayo Little League inahesabu kila mpira anaorusha mrushaji. Wa miaka 11 na 12 mwisho ni mipira 85 kwa siku. Akifikisha 66, anapumzika siku 4 kabla ya kurusha tena. Na aliyerusha 41 au zaidi haruhusiwi kudaka siku hiyohiyo, maana mdakaji naye anarudisha mpira kila mara. Mwanao anafanya vyote viwili! Hapo ndipo pa kuanzia na kocha.

MamaWaIpagala:
Asante sana mwalimu. Ila nikimtoa, timu haina mrushaji, na yeye atalia.

Mwl_Nkuhungu:
Asitoke kwenye timu. Jumamosi apewe daftari na kalamu, ahesabu mipira ya kila mrushaji, wa kwao na wa wapinzani. Halafu kocha achague watoto wawili watatu wa kuwanoa. Atundike gunia ukutani, achore mraba kwa chaki kuanzia usawa wa magoti hadi kifuani, wasimame mita 14, ambao ndio umbali wa umri huo. Warushe taratibu, shabaha kwanza. Watoto waliokulia kwenye rede hawachelewi kushika.

Mzee_Kikuyu:
Mwalimu, nimekuelewa. Binti yangu, anza na hospitali.

MamaWaIpagala:
Asanteni wote. Nimempigia kocha, amekubali bila ubishi na anauliza gunia atalipata wapi. Ninalo la mahindi, nampelekea jioni hii. Kesho asubuhi tunakwenda hospitali. Kijana amenuna, lakini daftari ameshalipigia mistari.